Ya Tatu Mpe Kabuti

Nilishuka Mau Summit mwezi wa saba
na shati la mikono mifupi, jipya, la kutoka Ahero.
Baridi niliijua kama mtu anavyomjua simba
kwa picha ya kiberiti.

Siku ya kwanza niliucheka moshi uliotoka kinywani mwangu.
Ya pili vidole vilinitoroka: pale kituo cha maziwa
niliandika lita arobaini badala ya nne,
mkulima akaondoka akitabasamu, asigeuke nyuma.
Ya tatu, kabla ya jogoo, Taprandich mwenye nyumba
akagonga mlango kwa fimbo.
"Mgeni siku mbili," akasema. "Ya tatu mpe kabuti."

Akanivisha kama afungaye mzigo wa safari.
Kwanza fulana ya pamba, kavu.
"Kavu, nimesema. Jasho la jana ndilo baridi ya leo."
Kisha gazeti, ukurasa wa matangazo ya vifo,
kipande kifuani, kipande mgongoni,
maana karatasi hufungia joto
na marehemu, alisema, hawana haja nalo tena.
Kisha sweta ya shule, ya kijani,
kiwiko kimeshonwa kwa uzi mwekundu;
juu yake nyingine, pana kuliko ya kwanza:
"Usijibane. Joto nalo lataka mahali pa kulala."
Soksi, mfuko wa mkate, soksi tena,
gambuti zilizozidi mguu.
Boshori hadi kwenye nyusi.

Ndipo kabuti lenyewe,
mtumba wa soko la Molo, zito kama deni,
mfukoni tiketi ya treni ya nchi
ambayo herufi zake zimevaa vidoti kichwani.
"Mwenyewe alikufa?" nikauliza.
"Mwenyewe alinenepa."

Nje sakitu imelala juu ya majani
kama chumvi iliyomwagwa na asiyejua bei yake.
Viazi vimekunja majani meusi.
Hori la maji limeota kioo;
ng'ombe anakigonga kwa pua, anangoja kufunguliwa.
Nami natembea ndani ya nyumba yangu,
nyumba yenye vifungo vitano,
nikilisikia gazeti likinong'ona
kila nikivuta pumzi.

Mama hupiga simu kutoka Ahero
ambako hata kivuli hutoka jasho.
Huuliza kama nimekula.
Humjibu: nimevaa.

Halafu ile asubuhi ya Agosti.
Nilipita kwake na mikebe, nikaona taa ya chemni bandani.
Taprandich amepiga magoti kwenye majani makavu,
mabegani leso tu, mikono wazi hadi kwenye viwiko,
na kabuti lake limevaliwa na ndama,
miguu ya mbele ndani ya mikono ya kabuti,
vifungo vyote vimefungwa, hata cha shingoni.

"Ametoka saa nane," akasema, "amelowa chepechepe,
na upepo huu unatoka msituni."
"Na wewe?"
"Mimi nimezoea."
Meno yake yalikuwa yakisema mengine.

Basi mimi, mtoto wa jua, wa mashamba ya mpunga,
nikaanza kujimenya kama kitunguu.
Kabuti nikalitundika msumarini, lisubiri zamu yake.
Sweta ile pana. Sweta ya kijani.
"Fulana yako kavu?" nikamuuliza kwa ukali wake mwenyewe,
naye akacheka mpaka ndama akatikisa sikio.

"Kavu."
"Basi shika hili kwanza."

Gazeti lilitoka kifuani kwangu moto kama chapati.
Hakulivaa. Alilisogeza kwenye taa,
akasoma kwa kidole, midomo ikitetemeka.
"Huyu nilimfahamu," akasema.
"Alikuwa na ng'ombe wazuri."
Akamkunja mara mbili,
akamweka kifuani,
akanyoosha mikono nimvishe sweta.